Zamu ya Mwenzio: Adabu na Makosa ya Kawaida katika Hadithi za Kikoa

Utangulizi

Umezuka miongoni mwa vijana wetu mchezo ambao sisi walimu wa Kiswahili, kwa jumla, tumeupa kisogo. Vijana wawili, watatu au zaidi hukutana kwa maandishi, aghalabu kwa simu za mkononi, na kila mmoja wao hujichagulia mhusika: huyu ni mganga wa mlimani, yule ni mwana wa mfalme aliyenyang'anywa kiti, mwingine ni jini anayelinda kisima. Nchi wanamokaa wahusika hao haimo katika ramani yoyote. Mchezaji mmoja huandika aya moja kueleza anayoyasema na kuyatenda mhusika wake. Mwenzake husoma, akaandika aya yake. Na hivyo hadithi huendelea kwa zamu, siku hata siku, bila ya mtu yeyote kuujua mwisho wake. Hapa Kanyosha, kusini mwa jiji la Bujumbura, ambako twafundisha, tumeonyeshwa maandishi ya namna hiyo na vijana walioyaandika pamoja na jamaa na marafiki walioko Uvira, Kigoma na kwingineko kandokando ya ziwa.

Maandishi hayo yanastahili kuhakikiwa kama yanavyohakikiwa mashairi na tamthilia. Yana wahusika, yana dhamira, yana fani yake na, kama tutakavyoona, yana makosa yake. Hoja yetu katika makala haya ni kwamba makosa yaliyo mengi, ingawa yana sura mbalimbali, yana mzizi mmoja, nao ni kumnyima mwenzio nafasi ya kujibu. Mzizi huo haumo katika mchezo peke yake. Umo katika lugha, na umo katika namna tunavyoishi na watu. Mifano yote ya maandishi tutakayoitoa tumeitunga wenyewe, ili tusimfedheheshe kijana yeyote.

Kwa kuwa mchezo huu haujapata kwetu jina moja lililokubaliwa na wote, tutauita hadithi ya kikoa. Msomaji anakijua kikoa: ni desturi ya watu kula shirika kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule. Anayekula kwa wenzake zamu yake isifike, amekula cha watu. Na anayepika siku ya mwenzake, hata kama kapika vizuri, amemvunjia mwenzake heshima.

Asili ya mchezo

Mchezo wenyewe, kwa sura yake ya sasa, umetoka ng'ambo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji wake huketi mezani na kusimulia vituko vya wahusika wao wakiongozwa na msimamizi. Mwaka 1978 Roy Trubshaw, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex huko Uingereza, alianza kuandika programu ya kompyuta iliyoitwa MUD, iliyoendelezwa baadaye na mwenzake Richard Bartle. Humo watu wengi waliweza kuingia kwa wakati mmoja katika nchi ya kubuni iliyoelezwa kwa maneno matupu, pasipo picha hata moja. Mwaka 1989 ikatokea TinyMUD, kazi ya James Aspnes wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ambamo watu walipenda zaidi kuzungumza na kujenga nchi yao kuliko kupigana. Tangu hapo tabia ya kuandikiana hadithi kwa zamu imeenea kila penye intaneti, hata ikafika Kanyosha.

Lakini tusidhani kwamba mgeni huyu ameikuta nyumba tupu. Msimuliaji wa Kiswahili huanza kwa "Paukwa", na hasongi mbele mpaka wasikilizaji wamjibu "Pakawa". Mtega kitendawili husema "Kitendawili", akangoja aambiwe "Tega". Majirani zetu wasemao Kirundi, ambao wengi wetu ndio hao hao, huanza kwa "Sokwe", na mwenzao akajibu "Niruze". Katika mifano yote mitatu neno la kwanza si hadithi wala kitendawili. Ni kuomba idhini. Tena tukumbuke lile jambo la kupendeza katika vitendawili vya Kiswahili: aliyeshindwa huambiwa atoe mji, naye akautaja mji, mtegaji akaupokea, akaenda kwa maneno katika mji ule, akastarehe humo kabla ya kulifumbua fumbo. Watoto wa pwani walisafiri katika miji ya kupewa, wakiwa wameketi penye mkeka, zamani sana kabla ya Essex kuwa na chuo kikuu.

Kadhalika yapo malumbano ya washairi. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) alijibizana kwa mashairi na washairi wa Lamu wakati miji hiyo miwili ilipokuwa na uhasama. Hayakuwa maneno ya kubembelezana. Yalikuwa makali, na wakati mwingine yenye kuumiza. Hata hivyo kila shairi lilipopelekwa, wa upande wa pili alikuwa na wasaa wa kulisoma, kulifumbua na kulijibu. Baadaye magazeti, kama Mambo Leo lililoanza kutoka Tanganyika mwaka 1923, yalifungua kurasa zake kwa washairi, nao wakajibizana kwa posta watu ambao pengine hawakupata kuonana uso kwa uso. Na ni mtu wa ziwa letu hili, Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, aliyechapisha mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi, ili kila atungaye ajue anapimwa kwa mizani gani. Kwa hiyo tunapozungumza juu ya adabu ya kuandikiana kwa zamu, hatukopi. Twadai kilicho chetu.

Kitenzi cha mwenzio

Kosa la kwanza, na ndilo kubwa kupita yote, ni mchezaji kumtendesha mhusika asiye wake. Tuchukue mfano. Mchezaji mmoja ana mhusika aitwaye Makali, mpiganaji. Mwenzake ana Mwanakisima, mlinzi wa maji. Mwenye Makali anaandika:

"Makali akachomoa upanga, akamkata Mwanakisima mkono wa kulia, Mwanakisima akalia, akapiga magoti, akaomba radhi."

Tuvihesabu vitenzi. Vipo vitano. Cha kwanza, "akachomoa", ni mali ya mwenye Makali, wala hatuna neno juu yake. Cha pili, "akamkata", kimeanzia katika mkono wa Makali lakini kimeishia katika mwili wa mtu mwingine; ni nusu yake na nusu si yake. Vitatu vilivyobaki, "akalia", "akapiga", "akaomba", vyote ni vya Mwanakisima, na mwenye Mwanakisima hakuulizwa. Katika sentensi moja amepokonywa mkono, machozi, magoti na ulimi. Atajibu nini? Akikubali, mhusika wake amekwisha vunjwa na mtu mwingine. Akikataa, itambidi aseme kwamba yaliyoandikwa hayakutokea, na hapo hadithi imegeuka ugomvi.

Walimu wa sarufi wataona mara moja kwamba kiambishi -ka- ndicho kilichobeba uzito wa kosa hili. Kitendo cha -ka- hufuata kitendo kingine na kimekwisha kutendeka. Hakina mlango wa kuingilia. Kiambishi hicho ndicho uti wa mgongo wa usimulizi wa Kiswahili, na kijana aliyelelewa kwa ngano hukitumia bila ya kufikiri. Katika ngano hakina dhara, maana msimuliaji ni mmoja na wahusika wote ni wake. Katika hadithi ya kikoa wasimuliaji ni wengi, na -ka- isiyo na mipaka huwa kama mtu anayepiga hatua ndani ya chumba cha wenyewe.

Hatusemi iachwe. Twasema iwekewe mpaka, na lugha yetu ina dawa iliyo tayari. Mwenye Makali angeweza kuandika: "Makali akachomoa upanga, akauinua juu ya mkono wa kulia wa Mwanakisima, ili amkate kabla hajaufikia mlango." Hapa -ka- imebaki kwa Makali peke yake, na pale tendo linapomfikia mwenzake limewekwa katika dhamira tegemezi: "ili amkate". Kiishio hicho kidogo, -e, kinasema kwamba nia ipo na upanga uko juu, ila mwisho bado. Sasa mwenye Mwanakisima ana njia nyingi. Aweza kukwepa, aweza kuukinga upanga kwa kata ya kutekea maji, aweza hata kuukubali mkono ukatwe, kwa hiari yake, akaona faida yake katika hadithi. Sheria yenyewe yaweza kusemwa kwa ufupi: kitenzi cha mhusika wangu ni mali yangu, kitenzi cha mhusika wako ni mali yako, na palipo na mgongano, mimi huandika nia na wewe huandika matokeo.

Kama kuna anayeona kwamba haya ni mambo madogo ya kitoto, na akumbuke yaliyotokea mwaka 1993 katika LambdaMOO, nchi ya maneno iliyoanzishwa na Pavel Curtis huko California mwaka 1990. Mchezaji mmoja alitumia hila ya programu kuandika vitendo vya aibu, vya kuingiliana kwa nguvu, kwa majina ya wahusika wa watu wengine, mbele ya kadamnasi, na wenye wahusika hao hawakuweza kumzuia. Hakuna mwili ulioguswa. Hata hivyo waliotendewa waliumia kweli, na habari ile, iliyoandikwa na Julian Dibbell katika gazeti la The Village Voice mwishoni mwa mwaka huo, ilijadiliwa na wanasheria na wanafalsafa. Wakazi wa nchi ile walikutana, wakabishana, wasiafikiane. Mmoja wa wasimamizi akamfuta mhalifu kwa uamuzi wake. Na baadaye ukawekwa utaratibu wa kupiga kura juu ya mambo yao. Tukio lile latufunza kwamba mtu aliyempa mhusika jina, sauti na siri ameweka humo sehemu ya nafsi yake. Kumtendesha mhusika huyo kwa nguvu ni kumwekea mwenyewe maneno kinywani.

Shujaa asiyekufa

Kosa la pili ni la upande wa pili wa sarafu hiyo hiyo. Mchezaji hawatendeshi wenzake, lakini hakubali kutendwa. Upanga ukimgusa mhusika wake hupinda. Sumu akinywa humshibisha. Mlango ukifungwa alikuwa amekwisha pita. Mhusika wake ni mzuri kuliko wote, ana elimu ya wazee na nguvu za vijana, na kila anayekutana naye sharti astaajabu. Kila zamu yake ni ukuta.

Vijana hudhani kwamba ndivyo mashujaa walivyo. Ni juu yetu kuwarudisha kwa Fumo Liyongo. Katika utenzi alioutunga Muhamadi Kijumwa wa Lamu mnamo mwaka 1913, Liyongo ni mtu wa nguvu zisizo mfano, mwenye kutisha taifa zima; lakini kuna kitu kimoja kiwezacho kumwua, nacho ni sindano ya shaba ikichomwa kitovuni. Siri hiyo aliifichua mwenyewe, kwa mwanawe, naye mwana huyo, aliyekwisha rubuniwa na mfalme, ndiye aliyemchoma. Tuondoe ile sindano. Utenzi utabaki na nini? Hakutakuwa na usaliti, hakutakuwa na mwana wa kumlaani, wala hakutakuwa na lile tukio la kutisha ambapo Liyongo anapiga goti kisimani, upinde mkononi, akafa katika hali hiyo, na watu wa mji wakakaa bila maji kwa kudhani yu hai. Ukubwa wake wote umesimama juu ya ncha ya sindano.

Utenzi huo huo una somo jingine linalotuhusu zaidi. Maadui wa Liyongo walimwalika katika kikoa cha kula makoma: kila siku mmoja wao aukwee mkoma na kuwaangulia wenzake. Shabaha yao ilikuwa kwamba zamu ya Liyongo ikifika, naye yuko juu ya mti, wamfume kwa mishale. Zamu ilipofika, Liyongo hakukwea. Aliyaangusha makoma kwa mishale yake. Tuangalie jinsi alivyojinasua. Hakusema kwamba mishale haimpati, wala kwamba maadui wote wamepofuka. Aliitimiza zamu yake, kikoa kikalika, ila kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Mchezaji anayetaka mhusika wake asife asome hapo. Kukwepa kwa akili kunamwachia mwenzako hadithi. Kukwepa kwa kutangaza kwamba huwezi kuguswa kunaifunga.

"Kumbe" ya wizi

Kosa la tatu linahusu maarifa. Mchezaji husoma kila kinachoandikwa, lakini mhusika wake haoni ila yaliyo mbele ya macho yake. Mwenye Mwanakisima akiandika, "Aliitikia kwa tabasamu, na barua ya mfalme aliyoificha kifuani ikamchoma kama kaa la moto", wasomaji wote wameijua barua. Makali hajaijua. Lakini zamu inayofuata twasoma: "Kumbe una barua ya mfalme kifuani!"

"Kumbe" ni neno lenye thamani kubwa katika Kiswahili. Hutangaza kwamba msemaji amelijua sasa hivi jambo ambalo hakulijua. Anayelitumia hana budi kuonyesha ameyajuaje: ameiona pembe ya karatasi? Ameisikia ikichakarika? "Kumbe" isiyo na njia ni ya wizi. Na madhara yake hayaishii hapo, maana mwenzake aliyeibiwa siri mara moja ataacha kuandika yaliyo moyoni mwa mhusika wake, na hadithi itabaki ya panga na ngumi.

Wizi huu una sura ya pili, na hiyo ndiyo inayotugusa sisi watu wa Bujumbura. Ni kuyaingiza katika mchezo yale uyajuayo juu ya mtu mwenyewe nje ya mchezo: mtaa anakotoka, kabila la wazazi wake, dini yake, aibu iliyowahi kuifika nyumba yao. Tangu vita vilipoanza mwaka 1993 mitaa mingi ya jiji hili iligawanyika, na watu wengi walihukumiwa kwa yaliyodhaniwa juu yao kabla hawajafungua kinywa. Kijana anayeingia katika hadithi ya kikoa kwa jina la Mwanakisima huingia mahali ambapo hakuna aulizaye ukoo. Atajulikana kwa maneno yake peke yake. Hiyo ni neema ambayo wazazi wake hawakuwa nayo. Anayemjibu Mwanakisima kwa kumtupia la nyumbani kwao amevunja kanuni ya mchezo, ndiyo, lakini pia ameufunga mlango uliokuwa wazi. Kosa hili halifai kufanyiwa mzaha, na msimamizi wa mchezo asilivumilie hata mara moja.

Ukungu wa kiambishi a-

Makosa mengine ni ya fani, ingawa nayo yana adabu ndani yake. Lugha yetu ina sifa ambayo wachezaji wa Kiingereza au Kifaransa hawanayo: kiambishi a- hakibagui mume na mke. Sifa hiyo ni nzuri, bali huleta ukungu pale wahusika wanapozidi wawili. "Alimtazama, akamwambia ampe kitabu chake kabla hajaondoka." Nani alimtazama nani? Kitabu ni cha nani? Anayeondoka ni yupi? Mwandishi anajua, msomaji anabahatisha, na anayejibu kwa kubahatisha huitwa mkorofi bila ya kosa lake.

Dawa yake ni kurudia majina pasipo kuona haya, kutumia viashiria "huyu" na "yule" kwa mpango, na kuwapa wahusika sifa zinazoweza kusimama badala ya jina: "mlinzi wa maji", "mwenye upanga". Waandishi wetu wachanga huambiwa shuleni kwamba kurudia jina ni udhaifu. Katika hadithi ya kikoa kurudia jina ni hisani kwa anayengoja zamu yake.

Kadhalika tuseme juu ya kipimo. Wapo wanaojibu kwa neno moja: "Sawa." "Akacheka." Mwenzao ameandika aya nzima, kapanga mvua, pango na sauti ya mnyama gizani, naye anarudishiwa kicheko. Wapo pia wanaoandika kurasa tatu, wakamaliza vita, wakazika maiti na kuvuna mtama, ndipo wanasema, "Haya, zamu yako." Wote wawili ni walaji wabaya wa kikoa: mmoja haleti chakula, mwingine anakula sufuria nzima. Zamu iliyo njema huwa na mambo mawili: hulijibu jambo lililoachwa na mwenzako, na huacha jambo jipya la kujibiwa.

Hodi, kuaga, na kungoja

Mswahili haingii nyumbani kwa mtu bila hodi, na akibisha mara tatu asipoitikiwa huondoka. Desturi hiyo ihamishwe nzima nzima katika mchezo. Anayetaka kuingia katika hadithi ya wawili aulize kwanza, nje ya mchezo, kwa maneno yaliyowekwa katika mabano: "Je, mhusika wangu aweza kupita njia hiyo?" Asiposikia neno, akae nje. Na anayeondoka aage. Mji wetu una siku za kukosa umeme na siku za kukosa kifurushi cha simu. Hakuna anayelaumiwa kwa hayo. Lakini mchezaji anayetoweka huku mhusika wake ameshika kamba wanayoning'inia wenzake watatu ameiteka hadithi ya watu. Neno moja latosha: "Nitakosekana mpaka Jumapili, Makali amelala kwa homa." Wenzake watajua la kufanya. Na anayengojewa asisukumwe kwa maneno ya kero kila saa. Subira nayo ni sehemu ya adabu.

Panapotokea ugomvi, Warundi wana mfano wa zamani wa kuiga katika bashingantahe, wazee waliovikwa dhamana ya kusuluhisha, ambao walizisikia pande zote kabla ya kutoa neno. Kundi la vijana wanaocheza lafaa liwe na mmoja au wawili wa namna hiyo, waliochaguliwa kabla ya ugomvi kutokea, kwa kuwa msuluhishi anayetafutwa wakati wa hasira huwa mshabiki wa upande mmoja.

Walimu nao wasikosee

Tungekuwa si waadilifu kama tungewaonya vijana tu. Wapo walimu wanaochukua simu ya kijana, wakasoma aya iliyojaa Kirundi, Kifaransa na ngeli zilizopinda, wakaitia wino mwekundu kwa ulimi. Kijana haandiki tena, au anaandika mbali na macho yao. Kiswahili cha Bujumbura kimekua sokoni na bandarini kabla ya kukua madarasani, na kina haki ya kusikika katika kinywa cha mhusika anayetoka sokoni. Makosa ya sarufi yapo, nayo yatengenezwe; lakini si katikati ya zamu, wala mbele ya wenzake. Kuna njia ya upole inayofaa zaidi. Mwenzako akiandika "kitu yangu kimepotea", mhusika wako ajibu, "Kitu chako kilipotea wapi?" Umemjibu, hadithi imekwenda mbele, na ngeli imekaa mahali pake bila ya kumwaibisha mtu.

Tena tusiwe wepesi wa kulalamika kwamba wahusika wao ni mazimwi ya Kizungu na mabinti wenye masikio yaliyochongoka. Mwazimo si aibu. Nasi tumeazima majini ya Arabuni, tukayafanya wenyeji. La haki ni kuwauliza vijana kama wameyajua ya kwao kabla ya kuazima. Wanalo zimwi la ngano za Kiswahili na igisizimwe wa ngano za Kirundi. Wanaye Samandari, yule mjanja wa masimulizi ya Kirundi. Wanao mto Rusizi, ambao mamba wake mmoja, aliyepewa jina la Gustave, alisimuliwa mpaka habari zake zikaenea duniani. Na wanaye Shaaban Robert (1909–1962), ambaye mwaka 1951 alitupa Kusadikika, nchi iliyo angani, ili aweze kuuliza swali la nchi zilizo ardhini. Tukumbuke kwamba kisa chote cha kitabu hicho kimejengwa juu ya mtu mmoja, Karama, aliyeshtakiwa na waziri Majivuno, akaomba nafasi ya kujitetea. Mtunzi wetu mkubwa alipobuni nchi isiyokuwapo, jambo aliloliweka katikati yake ni zamu ya mshtakiwa kusema.

Hitimisho

Yupo atakayetuambia kwamba mchezo ukitiwa sheria nyingi hivi hautakuwa mchezo. Twakubali kwamba sheria zaweza kuzidi, na kundi la marafiki wawili waliozoeana halina haja ya nusu ya haya tuliyoyasema. Lakini washairi wa malumbano walifungwa na vina na mizani, na ukali wao haukupungua. Sheria ya zamu haipunguzi ukali wa upanga wa Makali. Inachofanya ni kuhakikisha kwamba mbele yake pamesimama mtu.

Twapendekeza kwa walimu wenzetu jambo moja jepesi, lisilohitaji simu wala umeme. Wagawanye wanafunzi watatu watatu, kila kundi likapewa karatasi moja. Kila mwanafunzi amchague mhusika mmoja na amwandikie sindano yake ya shaba, yaani udhaifu wake. Kisha karatasi izunguke, kila mmoja akiandika aya yake, na sharti liwe hili peke yake: asiandike kitenzi cha mhusika asiye wake, ila kwa "ili" au kwa "akitaka". Mwisho wa kipindi karatasi zisomwe kwa sauti, na darasa liulize kila mahali ambapo mtu amesemewa. Watajifunza matumizi ya -ka- na ya dhamira tegemezi kuliko tungeyaeleza ubaoni kwa mwezi mzima. Watajifunza pia, bila ya kuhubiriwa, kwamba adui katika hadithi naye ana zamu, na kwamba sharti angojewe mpaka ajibu.